Fundi Rangi na Mstari wa Njano

Ukifika mtaani kwao ukauliza nyumba ya Fundi Rangi utaonyeshwa mara moja, ila tafadhali usije na ndoo na brashi. Alishakuja mama mmoja na vipimo vya ukuta wa sebule yake, kaviandika nyuma ya kalenda, akakaa kwenye kochi nusu saa nzima akieleza anavyotaka rangi ya maziwa juu na kahawia chini. Mwenye nyumba, kwa kuona haya kumkatiza mgeni, akamsikiliza mpaka mwisho, tena akamshauri kahawia isipande kupita kiuno. Ndipo akamwambia, "Dada yangu, rangi zangu mimi ni za ndani ya kompyuta." Yule mama alicheka mpaka akashika mbavu. Hadi leo wakikutana sokoni anampigia kelele kwa mbali, "Fundi, ukuta wangu unababuka huku!"

Jina alipewa na wenzake wa kazini, na kusema kweli hawakumwonea. Kuna watu, tena si wachache kama mnavyodhani, ambao kazi yao ni kuithibitishia kompyuta mambo ya hesabu. Siyo kompyuta iwathibitishie wao, la, wao waithibitishie kompyuta. Ndani yake kuna programu inayoitwa mhakiki, na mhakiki hamwamini mtu. Unamwandikia sentensi moja ya uthibitisho wako, anaitafunatafuna, halafu anakujibu amekubali au amekataa. Hajali umri wala cheo. Profesa mwenye mvi zake akiandika kwamba jambo fulani ni wazi, mhakiki anamwambia yeye halioni.

Huyo mhakiki Fundi Rangi hakumtengeneza. Walimtengeneza watu wengine huko, wenye akili za kutisha na subira kiduchu. Kazi ya Fundi Rangi ni kihariri, yaani lile dirisha kwenye skrini ambamo mtu na mhakiki wanakutana. Kushoto kuna maneno unayoandika. Kulia kuna orodha ya yale yaliyobaki kuthibitishwa. Na pembeni mwa kila mstari kuna ukanda mwembamba wa rangi: kijani, mhakiki kakubali; nyekundu, kakataa; njano, kakubali lakini ana neno.

Najua mtasema, aa, rangi tu hizo. Msiniudhi. Mtu aliyekaa saa sita na uthibitisho unaomkataa hana nguvu za kutafuta kosa liko wapi, na dirisha baya linaweza kumfanya aache hesabu akauze mitumba. Fundi Rangi alitumia miezi minne kutafuta kijani kisichochosha macho. Alikuwa anakwenda kusimama nyuma ya watumiaji wake na daftari mkononi, kimya, anaangalia macho yao yanakimbilia wapi. Kuwauliza hawaulizi, maana anasema mtu ukimuuliza anavyofanya kazi anakueleza anavyotamani angekuwa anafanya. Alimkuta mmoja kaziba upande wa kulia wa skrini kwa gazeti, eti ile orodha ya yaliyobaki inamtia kiwewe. Mtu mwingine angemcheka. Yeye alirudi ofisini, kile chumba chao juu ya duka la miwani, akakipanga kihariri upya ili kionyeshe jambo moja kwanza na mengine yakae chini yamefungwa. Barua za shukrani zilizokuja, mwenyewe alizisoma huku anajifanya anatafuta kalamu.

Sasa kuna neno moja ambalo watu wa kazi hii wote wanalitumia: baadaye. Ukikwama mahali, au ukiona sehemu ni rahisi mno, haina haja ya kukupotezea muda sasa hivi, unaandika "baadaye" na mhakiki anakuruhusu upite kana kwamba umeshathibitisha. Ila ukanda wa njano unabaki pale mpaka urudi. Hakuna anayemcheka mwenzake kwa kuandika baadaye. Wanayemcheka, tena bila huruma, ni yule anayetangaza amemaliza na njano bado ipo.

Katika watumiaji wake wote, mmoja alikuwa baba mkwe wake. Mzee mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na wanafunzi walimbatiza Mwalimu Kwahiyo kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi yake ubaoni. Alikuwa anafika kwenye "kwa hiyo", anamnyooshea mtu chaki, anangoja. Siku mwanawe alipompeleka mchumba nyumbani, wazee wengine wangeuliza kwao ni wapi na baba yake ni nani. Huyu alimuuliza anafanya kazi gani, na aliposikia jibu akasogeza kiti. Chakula kilipoa mezani. Mama mkwe akatoka ndani na futi yake ya kushonea shingoni, akafoka, "We mzee, mwache mtoto wa watu ale!" Fundi Rangi anasema alimpenda mama huyo palepale, kabla hata hajamaliza kumpenda mume vizuri.

Mume wake ni fundi wa majokofu, mtu mpole, na hesabu na yeye ni mbali mbali. Akiwakuta mkewe na baba yake wameinamia skrini moja huwa anasema, "Nyie oaneni basi, mimi nipo tu kama dereva." Kisha anakwenda kumsaidia mama yake kukunja vitambaa.

Na mama huyo ndiye aliyeleta dai la hesabu lililomkalia mzee rohoni, bila kujua. Alikuwa anakatia nguo kwenye meza kubwa ya sebuleni, anatandaza vipande vya karatasi juu ya kitambaa, na akimaliza anavisogeza pembeni kimoja kimoja. Mwalimu, enzi hizo ni kijana yuko chuoni, mchumba wake akikata yeye anatazama meza. Akajiuliza hivi. Tuseme vipande vyote ni vya pembe nne, vimetandazwa mezani, vingine vimelala upande, lakini hakuna kilichopanda juu ya mwenzake. Je, unaweza daima kuvisukuma vyote kuelekea kulia mpaka vitoke mezani, kimoja baada ya kingine, bila kukiinua, bila kukigeuza, bila kugonga kingine? Akaona inawezekana, kwa sababu kila mara kuna kipande ambacho mbele yake ni peupe. Akaandika, akapeleka kwa mkufunzi wake. Daftari likarudi na wino mwekundu: "Umeonyesha kwa macho. Hujathibitisha."

Maneno hayo mzee aliyameza lakini hayakushuka, miaka arobaini na minane. Alipostaafu, mkwewe akamfundisha kumtumia mhakiki, na akaanza. Kila asubuhi saa tatu yuko kwenye kiti, meza ileile, yeye upande huu na kompyuta, mkewe upande wa pili na cherehani. Yeye akinung'unika, mkewe akimwambia, "Soma kwa sauti basi nikusikie, au nyamaza."

Mwaka jana, Jumanne moja kabla ya adhuhuri, mama mkwe alianguka kwenye duka la vifaa vya kushonea akichagua zipu. Mwenye duka akapiga simu nyumbani. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho.

Sitaki kusimulia msiba. Niseme tu kwamba Fundi Rangi alilia kuliko alivyolia kwa mama yake wa kumzaa, na hilo analisema mwenyewe bila aibu. Mwalimu alikaa miezi miwili hagusi kompyuta. Anaamka, anakaa, anaangalia ukuta. Mwanawe akimpelekea chai anaipokea, anasema asante, chai inakaa mpaka inashika utando. Waliogopa, jamani. Waliogopa sana.

Halafu siku moja simu ikalia ofisini. "Mwanangu," mzee akasema, "hizi njano zako zinaniumiza macho. Skrini nzima kama ina homa ya manjano. Huwezi kuziondoa?"

Fundi Rangi angemwondolea hata jua siku hiyo. Mzee kafungua kompyuta! Na malalamiko yenyewe yalikuwa na haki, maana mhakiki hutia njano hata kwa vijambo: jina ulilolitaja usilitumie, amri uliyoiandika kwa mtindo wa zamani. Akaacha kila kitu, na kwa saa moja akatengeneza kitufe kipya kwenye kihariri: Ficha Njano. Akamtumia, na toleo lililofuata likawafikia watumiaji wote. Kesho yake mzee akapiga kusema ameandika mistari ishirini. Fundi Rangi akamkumbatia mhasibu wa ofisi, ambaye alikuwa anapita tu.

Na hapo ndipo alipokosea. Alikusudia kuficha njano za vijambo tu. Lakini badala ya kukiambia kihariri kifiche aina fulani ya onyo, kwa haraka na kwa furaha alikiambia kifiche chochote chenye rangi ya njano. Na baadaye, kama nilivyosema, nayo ni njano, hivyo ikafichika pamoja na maneno yake ya upande wa kulia. Mtu asiyejua rangi asingeweza kufanya kosa hilo. Lilimhitaji bingwa.

Mzee akarudi kuwa mzee wetu. Akanyoa ndevu. Akaanza tena kugombana na mhakiki kwa sauti mpaka majirani wakadhani ana mgeni. Baada ya miezi tisa akapiga simu asubuhi: "Kijani tupu, mwanangu. Mistari elfu moja na mia nne, kijani tupu!" Mume wa Fundi Rangi, ambaye haelewi hata mstari mmoja, alilia barabarani kashikilia jokofu la mtu.

Chuo cha ualimu alichosoma kikasikia. Wakamwalika Jumamosi, saa kumi, ukumbini, aonyeshe. Wanafunzi wake wa zamani watakuja, na mkufunzi yule wa wino mwekundu, ambaye bado yu hai na bado mkali, alituma ujumbe kwamba atakaa kiti cha mbele.

Sasa Alhamisi, siku mbili kabla, Fundi Rangi yuko ofisini anasoma barua pepe za watumiaji. Mmoja ameandika kwa ukali: nilitumia kitufe chako cha kuficha njano, nikasahau mahali nilipoandika baadaye, nikajiona nimemaliza, nimeaibika mbele ya watu. Fundi Rangi akasema moyoni, haiwezekani. Akafungua kazi yake ya siku ile, akasoma ule mstari alioandika. Chochote chenye rangi ya njano. Akajipiga kibao cha paji la uso, akacheka. Kisha akamkumbuka mzee.

Baba!

Mzee humtumia nakala ya faili kila wiki amtunzie. Akaifungua. Mhakiki ana amri moja unayoweza kumpa, akutajie kila kitu ambacho uthibitisho umekiegemea. Akaiandika. Mhakiki akajibu palepale: uthibitisho huu umeegemea baadaye, moja, mstari wa mia mbili na tisa. Amri hiyohiyo mtu yeyote angeweza kuiomba Jumamosi, na mkufunzi yule hakosi kuiomba.

Akaenda mstari huo. Akatazama tarehe ulipoandikwa, kwa sababu kihariri chake kinahifadhi tarehe za kila mstari. Ilikuwa Jumanne ile. Saa tano na dakika arobaini. Mwenye duka alipiga simu saa tano na arobaini na kitu.

Na pengo lenyewe, mtashangaa, lilikuwa la kitoto. Uthibitisho wa mzee unatoa kipande kimoja, unabaki na pungufu ya kimoja, unarudia hivyo hivyo kushuka, mpaka mezani kibaki kipande kimoja tu. Hapo ilibidi aandike kwamba kikiwa kimoja kinaweza kutoka, maana hakuna kingine cha kugonga. Basi. Mstari mmoja. Kila mtu huuacha mwishoni kwa kuwa ni rahisi.

Fundi Rangi akauandika. Sekunde kumi hazikuisha. Mhakiki akakubali, uthibitisho mzima ukawa kamili, kweli kweli safari hii. Angemrudishia mzee faili, amwambie ni toleo jipya tu, na Jumamosi ingepita salama na mzee asingejua kitu maisha yake yote. Nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu. Alikaa na kidole juu ya kibodi mpaka mhasibu akamuuliza kama anaumwa. Kazi hii yote, kila rangi aliyowahi kuichagua, ilikuwa ili mtu asidanganywe na dirisha lake. Akaufuta ule mstari, akafunga kompyuta, na roho ikimuuma.

Ijumaa asubuhi akaenda.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Njoo uone koti, limepigwa pasi mara mbili." Koti lilikuwa limetundikwa mlangoni. Cherehani upande wa pili wa meza ilikuwa imefunikwa kitambaa, haina vumbi.

"Baba, keti kwanza."

"Nimekaa tayari. Kuna nini? Mwanangu mzima?"

"Mzima. Ni mimi. Nimekukosea." Akamweleza yote kinaganaga, bila kuzungukazunguka: kitufe, kosa lake, barua ya yule mtumiaji, amri aliyompa mhakiki. Mzee akamsikiliza huku anakunja na kukunjua miwani. "Kuna pengo moja, Baba. Mstari wa mia mbili na tisa."

Mzee hakuuliza ni mstari gani. Hilo ndilo lililomshtua Fundi Rangi. Aliitikia kwa kichwa tu, taratibu, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Kipande kimoja," mzee akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Ulidhani ni macho... hapana. Mimi ndiye niliyesema macho." Akaigeukia kompyuta. "Macho yangu hayakuwa na neno, mwanangu. Nilifungua hii kitu baada ya ile miezi miwili. Ikanipeleka palepale nilipoachia siku ile ya simu. Kulia ikaniandikia: kimebaki kipande kimoja mezani, onyesha kwamba kinaweza kutoka. Nikaiangalia cherehani, nikaifunga kompyuta. Kesho yake nikafungua, maneno ni yaleyale. Siku ya tatu ndipo nilipokupigia simu."

Fundi Rangi akaziba mdomo kwa mkono.

"Ulipouficha mstari ule, nikaweza kufanya yaliyobaki. Nikajilazimisha kusahau, na nikasahau kweli. Usije ukadhani nilitaka kuwadanganya watu."

"Siwezi kudhani hivyo, Baba. Hata kidogo."

"Mstari wenyewe ni rahisi."

"Najua. Jana niliuandika." Aliona bora aseme. "Nikafikiria nikuachie hivyo, usijue. Halafu nikaufuta."

Mzee akavaa miwani. "Ungenikosea sana," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote. "Asante."

"Nikushikie kibodi? Unautaja tu, naandika mimi."

"Hapana. Rudisha njano kwanza."

Akabonyeza kitufe. Njano zikarudi, nyingi, zile za vijambo, na katikati yake ile ya mstari wa mia mbili na tisa. Mzee akashuka mpaka pale. Upande wa kulia maneno yakatokea. Akayasoma kwa sauti kama alivyozoea kusoma mkewe akiwapo, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Kisha akaandika, kwa kidole kimoja, anakosea, anafuta, anaandika tena. Fundi Rangi alikuwa anaona kila kosa, akishikilia kiti kwa mikono miwili asije akamsahihisha. Mzee akabonyeza. Ukanda ukawa kijani. Kulia pakaandikwa: hakuna kilichobaki.

Mzee akayasoma na hayo kwa sauti.

"Sasa ndiyo mama yenu ameondoka, mwanangu," akasema, na akalia. Fundi Rangi akapiga magoti pale sakafuni, akamshika baba mkwe wake miguu, akalia naye, mchana kweupe, mlango uko wazi na watu wanapita.